Unga wa vitamini unaodaiwa kuwakinga samaki na viuatilifu: tathmini ya mfugaji

Katika maduka ya pembejeo ya Morogoro mjini, kwenye rafu ile ile yenye dawa za minyoo ya kuku na mawe ya chumvi ya ng'ombe, zimeanza kuonekana pakiti za unga wa kuchanganya kwenye chakula cha samaki. Ninayoitathmini hapa ni ya kilo moja, mfuko wa rangi ya fedha wenye picha ya sato mnene, na chini ya picha yameandikwa mambo matatu: kwamba unga huo huongeza kinga ya mwili, huharakisha ukuaji, na huwalinda samaki dhidi ya sumu za viuatilifu. Viambato vilivyotajwa ni vitamini C, vitamini E, seleniamu, mwani wa spirulina na dondoo ya manjano. Jina la mtengenezaji sitalitaja, kwa kuwa zipo pakiti nyingine zinazofanana nayo kwa kila kitu isipokuwa rangi ya mfuko, na nitakayoyasema yanaihusu yoyote yenye viambato hivyo na madai hayo.

Nilichokinunua hasa ni lile dai la tatu. Mabwawa yangu yako chini ya milima ya Uluguru, na maji huyafikia kwa mfereji unaotoka kwenye kijito kinachopita kwanza katika bustani za nyanya na kabichi za wenzetu wa juu. Tangu kantangaze, kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, aingie nchini miaka kumi na kitu iliyopita, mkulima wa nyanya hapumziki. Hupiga dawa mara kwa mara, na si ajabu kumkuta amechanganya dawa mbili au tatu ndani ya bomba moja kwa imani kwamba zikiwa nyingi ndipo mdudu atakoma. Mvua ikinyesha baada ya hapo, kilichobaki kwenye majani na udongo hushuka na maji. Muuzaji, kijana mwenye heshima zake, alinihakikishia: "Mama, ukiwapa hii, hata wapige dawa vipi huko juu, samaki wako hawatetereki." Nikamjibu, "Haya mwanangu, nitakuletea majibu." Majibu yenyewe ndiyo haya.

Nianze kwa kuutendea haki unga huu, kwa sababu wazo lililo nyuma yake si la kubuni. Samaki anapokaa kwenye maji yenye kiuatilifu kidogo, ini lake hulazimika kukivunjavunja, na katika kazi hiyo huzalishwa molekuli za oksijeni zenye ukali, ambazo hushambulia mafuta yaliyo kwenye utando wa seli, protini na hata vinasaba. Mwili una walinzi wake: vimeng'enya kama katalasi na glutathaioni peroksidasi huzizima molekuli hizo kabla hazijaleta madhara. Kiuatilifu kikiendelea kuingia, walinzi hao huzidiwa. Samaki ana udhaifu wa ziada hapa, kwani utando wa seli zake una mafuta laini yasiyoganda kwenye baridi, yale yale tunayoyasifia kwa afya ya moyo wa binadamu, na mafuta ya aina hiyo ndiyo yanayooksidika, yaani kuharibiwa na oksijeni, kwa urahisi zaidi. Vitamini E hukaa ndani ya utando na kuukatiza mnyororo wa uoksidishaji. Vitamini C huirejeshea vitamini E nguvu yake baada ya kutumika. Seleniamu ni sehemu ya kimeng'enya cha glutathaioni peroksidasi, na bila madini hayo kimeng'enya hicho hakifanyi kazi. Lingine lisilojulikana sana kwa wafugaji ni kwamba karibu samaki wote wenye mifupa hawawezi kujitengenezea vitamini C, tofauti na kuku na ng'ombe. Wakiikosa kwenye chakula, uti wa mgongo hupinda, vidonda huchelewa kupona, na kinga hushuka hata kama maji hayana sumu ya aina yoyote.

Majaribio yapo, tena mengi. Nchini Misri, nchi inayoongoza Afrika kwa ufugaji wa sato, watafiti wamewaweka sato kwenye maji yenye kiuatilifu cha deltamethrini kidogo huku baadhi yao wakilishwa spirulina, na waliolishwa spirulina walikuwa na alama chache zaidi za uharibifu kwenye ini na figo. Nchini Uturuki, samaki aina ya kapu waliowekewa klopairifosi, kiuatilifu kingine, walipewa laikopini, ile rangi nyekundu ya nyanya, na katika majaribio mengine walipewa gundi ya nyuki. Vipimo vya damu na tishu vilirudi karibu na hali ya kawaida. India nako vitamini C na E zimepimwa kwa namna hiyo hiyo kwa kambare na jamaa zake. Kwa hiyo anayesema kwamba antioksidanti, yaani viambato kama hivi vinavyozuia uoksidishaji, kwenye chakula hazina athari yoyote kwa samaki aliyepatwa na viuatilifu, huyo naye anapotosha.

Tatizo ni umbali uliopo kati ya majaribio hayo na maandishi ya kwenye pakiti. Karibu yote hufanyika ndani ya matangi, kwa kiuatilifu kimoja kilichopimwa, na kwa kiwango kilichochaguliwa makusudi kiwe sehemu ndogo tu ya kile kinachoua, ili samaki waishi wiki kadhaa na kupimwa mwishoni. Kinachotafutwa si kama samaki amenusurika kifo, kwa sababu hata wale wasiopewa antioksidanti wengi wao hubaki hai. Kinachotafutwa ni kama ini lake limeharibika kiasi gani. Kipimo kinachotumika zaidi ni kiasi cha malondialdehaidi, mabaki yanayotokana na mafuta ya seli kuoksidika, na kushuka kwa kipimo hicho ndiko kunakoitwa "kukingwa". Mfugaji anaposoma neno "hulinda" juu ya pakiti anaelewa kitu kingine kabisa: kwamba siku maji machafu yatakapoingia bwawani, samaki hawatakufa.

Tupige hesabu moja, maana bila hesabu mjadala huu huwa wa maneno matupu. Ipo dawa ya kawaida ya bustani yenye gramu 25 za deltamethrini kwa lita. Mkulima akitia mililita 20 za dawa hiyo kwenye bomba lake la mgongoni, ameweka nusu gramu ya sumu yenyewe. Bwawa la mita za mraba 200 lenye kina cha mita moja lina maji lita 200,000. Nusu gramu ikiingia yote humo na kuchanganyika, kila lita itakuwa na mikrogramu 2.5. Kwa samaki wengi wa maji yasiyo na chumvi, kiwango cha deltamethrini kinachoua nusu yao ndani ya siku 4 ni mikrogramu chache tu kwa lita, na kwa baadhi hakifiki hata 1. Ni kweli kwamba dawa za kundi hili la pairethroidi hunata sana kwenye tope, hivyo sehemu kubwa ya ile nusu gramu haitamfikia samaki. Hesabu yangu ni ya hali mbaya kuliko zote. Hata hivyo, inaonyesha kwamba bomba moja lililosafishiwa kwenye mfereji ni jambo zito kuliko pakiti nzima ya vitamini.

Halafu kuna namna sumu yenyewe inavyoua. Pairethroidi huvuruga milango ya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu, ikawa neva zinafyatuka bila kukoma. Klopairifosi, profenofosi na wenzao wa kundi la oganofosfeti hukizuia kimeng'enya cha asetilikolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima ujumbe wa neva ukishafika, na misuli hubaki imekazwa mpaka samaki ashindwe kupumua. Uharibifu wa mafuta ya seli hufuatana na haya yote, lakini katika sumu kali si wenyewe unaoua kwanza. Vitamini E haiufungi mlango wa neva uliovurugwa ukabaki wazi, wala vitamini C hailirudishi lile tone la dawa lililokwisha kujishikiza kwenye kimeng'enya. Binadamu aliyekunywa oganofosfeti hupewa atropini hospitalini. Hakuna daktari anayempa juisi ya machungwa akamwacha aende zake.

Hayo niliyaona kwa macho. Nilikuwa nimewapa unga huu sato wa bwawa moja kwa muda mrefu wa kutosha kabla ya mvua za masika, na bwawa la jirani yake, linalopata maji kutoka mfereji ule ule, nikaliacha na chakula cha kawaida. Mvua kubwa ya kwanza baada ya watu wa juu kupiga dawa, mchana kweupe, samaki wa mabwawa yote mawili walianza kuogelea kwa kushtukashtuka, wengine wakizunguka kwa ubavu, na jioni vifaranga waliokufa walikuwa wamejaa kandokando bila tofauti ya kuonekana kati ya bwawa la unga na lisilo na unga. Kilichonihakikishia kwamba si upungufu wa oksijeni ni mambo matatu ambayo kila mfugaji anapaswa kuyaangalia. Hewa ikipungua bwawani, vifo huja alfajiri na wakubwa hutangulia. Hapa ilikuwa mchana na wadogo ndio waliotangulia. Jambo la tatu, wadudu wa majini, wale wanaoogelea chali na wale wenye makasia, walikuwa wanaelea wamekufa pamoja na samaki. Upungufu wa oksijeni hauui wadudu wanaopanda juu kuvuta hewa wenyewe. Mabwawa mawili ya mtu mmoja si utafiti, na sidai kwamba nimethibitisha lolote kuhusu ini la sato. Ninachosema ni kwamba aliyenunua pakiti hii kwa ajili ya siku kama ile, haikumsaidia.

Sasa tuingie ndani ya pakiti yenyewe, kwani hapa ndipo kwenye mengi. Lebo inasema "vitamini C" basi, bila kutaja ni ya umbo gani. Umbo ndilo linaloamua kila kitu. Asidi askobiki ya kawaida ni dhaifu mno: joto la mashine ya kutengenezea punje huiharibu, unyevu huiharibu, hewa na madini ya shaba na chuma huiharibu, na chakula kilichowekwa kwenye stoo ya mabati yenye joto hupoteza sehemu kubwa yake ndani ya wiki chache. Ndiyo maana viwanda makini hutumia askobili fosfeti, ambayo molekuli yake imezibwa na fosfeti mahali pale panapooksidika, na huzibuliwa na vimeng'enya vya tumboni mwa samaki. Mnunuzi anayelipia vitamini C ana haki ya kujua ni ipi kati ya hizi amepewa.

Ipo njia ya nyumbani ya kupata fununu. Pika uji mwepesi sana wa unga wa muhogo, uache upoe, chukua kijiko kimoja ukitie kwenye glasi ya maji, kisha dondoshea tone la ayodini ya kusafishia vidonda. Maji yatageuka bluu nzito iliyokaribia weusi. Asidi askobiki ya kawaida ikitiwa humo, rangi hutoweka mara moja. Askobili fosfeti haiiondoi rangi hiyo, kwa kuwa sehemu yake inayofanya kazi imezibwa. Nilikoroga kijiko cha unga wa pakiti hii kwenye maji, nikayachuja kwa kitambaa ili kupunguza rangi ya manjano na kijani ya mwani, kisha nikayamimina kidogo kidogo. Bluu ikafutika papo hapo. Vitu vingine vinavyoweza kuifuta rangi hiyo vipo, na maji ya bwawa lenyewe yanafaa kujaribiwa kwanza kwa kulinganisha, lakini matokeo yanaelekea upande mmoja: ndani ya pakiti kuna asidi askobiki ya kawaida, ile isiyo na uvumilivu. Pakiti hiyo hiyo, baada ya kukaa imefunguliwa na kukunjwa mdomo kwa muda kwenye stoo, ilihitaji maji mengi zaidi ya unga kuifuta bluu ya glasi ile ile. Nguvu ilikuwa inavuja humo humo ndani ya mfuko, na mfuko hauna hata kifungio cha kubana. Una mstari wa kukatia kwa mkasi, basi.

Maelekezo ya matumizi nayo yana kasoro. Yanasema changanya gramu 5 kwa kila kilo ya chakula, bila kueleza namna ya kuushikiza unga kwenye punje. Ukiupukutishia tu juu ya punje zinazoelea, sehemu kubwa huachana nazo zinapogusa maji, na vitamini C inayeyuka kwenye maji kwa wepesi wa chumvi. Nililoweka punje zilizopukutishiwa unga katika glasi ya maji kwa muda ambao sato huchukua kumaliza chakula chake, na maji yale yakaifuta bluu. Zile nilizozipaka kwanza mafuta kidogo ya alizeti, nikapukutishia unga, nikazipaka tena mafuta na kuziacha kivulini zikauke, maji yake yaliifuta kwa shida. Kwa hiyo anayetaka kuutumia afanye hivyo: mafuta kidogo, vijiko viwili vitatu kwa kilo, yasiwe yamechacha. Mafuta yaliyochacha, sawa na dagaa walioanza kunuka ambao wengi wetu tunawasaga kwa ajili ya protini, huimaliza vitamini E ndani ya mwili wa samaki, na unakuwa umetoa fedha kupambana na mafuta mabovu.

Kuhusu vitamini E, lebo inasema ni tokoferili asetati, na hapo mtengenezaji amefanya vyema, kwani ni umbo linalostahimili kukaa. Ila ijulikane kwamba umbo hilo haliwi antioksidanti mpaka litenganishwe na asetati ndani ya utumbo wa samaki. Halilindi mafuta ya chakula kilicho stoo. Kwa kazi hiyo viwanda vilizoea kutumia ethoksikwini, ambayo Umoja wa Ulaya ulisimamisha idhini yake mwaka 2017, na baadhi ya viwanda sasa vinatumia dondoo za mimea.

Seleniamu ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Imetajwa kwa jina bila kiasi. Mahitaji ya samaki wengi yako chini ya miligramu 1 kwa kilo ya chakula, na dalili za sumu zimeonekana kwa trauti na kambare wa Marekani kwenye miligramu takriban 13 hadi 15 kwa kilo. Pengo hilo linaonekana pana mpaka umkumbuke mfugaji anayenunua chakula cha kiwandani chenye mchanganyiko wake wa madini, akaongeza unga huu, kisha akaongeza na pakiti ya kampuni nyingine kwa sababu muuzaji kasema "zote ni vitamini tu". Vitamini C ikizidi, samaki huitoa. Seleniamu ikizidi hubaki mwilini. Pakiti isiyoonyesha kiasi cha seleniamu haipaswi kuchanganywa na nyingine yoyote.

Spirulina na manjano sina neno baya juu yake. Mwani huo una karotenoidi na protini nzuri, na samaki waliupenda. Rangi ya mapezi ya sato wekundu wa jirani yangu mmoja, aliyeununua kwa ajili hiyo tu, ilikolea kweli. Ila viambato hivi vimewekwa mwisho kwenye orodha, na kwa kawaida cha mwisho kwenye orodha ndicho kidogo kuliko vyote. Majaribio niliyoyataja yalitumia dozi kubwa, mara nyingi kwa asilimia ya chakula chote. Gramu 5 za unga wenye viambato vitano na kibebeo chake haziwezi kukaribia huko hata zikiwa spirulina tupu, kwani zingekuwa nusu ya asilimia moja.

Nani basi anaweza kufaidika? Jibu linategemea samaki anaishi wapi na anakula nini. Sato wa bwawa la udongo lenye maji ya kijani anakula mwani na vijidudu vya majini mchana kutwa, na humo anapata vitamini za kutosha kiasi kwamba wengi hufuga miaka na miaka kwa pumba za mchele na mashudu ya alizeti bila kuona mgongo uliopinda. Huyo haihitaji pakiti hii. Anayelisha chakula kamili cha kiwandani kisichokaa muda mrefu naye haihitaji, kwa sababu mahitaji ya sato yanayotajwa katika miongozo ya lishe, takriban miligramu 20 za vitamini C na 60 za vitamini E kwa kilo ya chakula, yamekwisha kuwekwa kiwandani. Anayeihitaji ni yule mwenye matangi ya saruji au ya plastiki yenye maji meupe, anayejichanganyia chakula mwenyewe kwa pumba, soya na dagaa. Samaki wake hawana mwani wa kujazilizia, na kila kitu kinatoka mkononi mwake. Katika matangi yangu ya vifaranga, ambayo yako katika hali hiyo, unga ulileta tofauti niliyoiona: vifaranga walivumilia kuchambuliwa na kusafirishwa kuliko awali, na michubuko ya mapezi ilifunga upesi. Hilo ndilo dai la kwanza la pakiti, na kwa hilo naipa alama nzuri.

Muuzaji hakulizungumza suala la mlaji, na lebo hailigusi kabisa. Tuseme antioksidanti zimefanya kazi yake vizuri kabisa na sato ameishi wiki nyingi kwenye maji yenye klopairifosi kidogo bila ini kuharibika. Sumu haikuondoka kwenye maji. Klopairifosi na pairethroidi hupenda mafuta, na samaki mwenye mafuta huzihifadhi. Samaki huyo aliyenusurika ndiye atakayevuliwa, apelekwe sokoni na kuingia kwenye chungu cha mtu. Klopairifosi imewekwa mwaka 2025 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kemikali zinazodumu kwenye mazingira na kukusudiwa kuondolewa, ikiwa na misamaha kadhaa ya matumizi, na Umoja wa Ulaya ulikwisha kuikatalia idhini mwaka 2020. Wakazi wa Kanda ya Ziwa hawajasahau mwaka 1999, Ulaya ilipofunga milango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa viuatilifu. Kumfanya samaki avumilie sumu bila kupunguza sumu yenyewe ni huduma kwa mfukoni mwa mfugaji, na hata mfukoni humo haidumu. Samaki waliopitiwa na maji ya dawa wakanusurika, wasivuliwe upesi kwa kuhofia hasara. Waachwe kwenye maji safi yanayobadilishwa, maana huko mabaki ya dawa nyingi za sasa hupungua taratibu.

Bei ya pakiti moja inakaribia nusu ya bei ya mfuko wa kilo 20 wa chakula kinachoelea. Kwa fedha hiyo hiyo, na bila kwenda mbali, nimepata kinga ya kweli zaidi kwa mambo ya koleo na mdomo. Kwanza ni mlango wa maji unaofungika kwa ubao, ili mfereji usiingie bwawani bila ruhusa yangu, na mtaro wa kuyachepusha maji ya mvua yapite kando. Dimbwi dogo la kutuliza tope kabla ya bwawa husaidia sana kwa pairethroidi, kwa kuwa tope likituama limeshika dawa. Majani marefu ya vetiva yaliyopandwa kwenye ukingo wa juu huchuja yaliyobaki. Kwenye dimbwi hilo la kutuliza nimeweka kijichandarua chenye vifaranga wachache. Wakianza kushtukashtuka, ubao unashuka. Kwa oganofosfeti, chokaa ya kilimo husaidia kiasi, kwani dawa za kundi hilo huvunjika haraka zaidi maji yakielekea upande wa alkali, ingawa anayezidisha chokaa ajue kwamba amonia nayo huwa kali zaidi kwenye maji ya namna hiyo. Na siku samaki wanapoonyesha dalili, chakula kisimamishwe kabisa; kuwarundikia vitamini wakati matamvua hayapitishi hewa ni kuchafua maji.

Lililofaa kuliko yote halikunigharimu hata senti. Niliwafuata wenye bustani nikazungumza nao, nao wakakubali kunitumia ujumbe siku ya kupiga dawa na kuosha mabomba mbali na mfereji. Mmoja wao, mzee anayelima nyanya tangu ujana wake, aliniambia kwa upole, "Dada, sikujua kama haya maji yanakwenda kwako." Hata afisa ugani wa kata alisaidia kuwaeleza kwamba kuchanganya dawa tatu hakumalizi kantangaze bali humfundisha kuzizoea. Mzee huyo alijitolea kunipa nyanya zake zilizooza niwalishe samaki, maana alisikia zina laikopini. Nilimshukuru nikazikataa, kwa sababu zimepigwa dawa ile ile tunayoikimbia. Anayetaka chanzo cha bei nafuu cha antioksidanti na asimtegemee muuzaji, majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini na kusagwa yanafaa, mradi yasizidi sehemu moja katika kumi ya chakula, kwa kuwa yana vitu vinavyopunguza usagaji wa chakula yakizidi.

Kuhusu huduma ya duka, sina malalamiko. Kijana yule nilimrudia kama nilivyomwahidi, akanisikiliza mpaka mwisho, na nilipomwomba anionyeshe pakiti yenye tarehe ya karibuni alikwenda kufungua katoni jipya badala ya kunipa iliyokaa juani dirishani. Alikiri kwamba maneno ya "hawatetereki" ameyachukua kwa msambazaji. Nilimshauri asiyarudie kwa wateja wenye mabwawa chini ya bustani, akasema, "Sawa mama, nitawaambia ni ya kuwajenga mwili." Kwa kauli hiyo naikubali bidhaa.

Kwa ujumla wa alama, katika 10 naipa 6 kama kirutubisho cha vifaranga wa matangini, na 2 kama kinga dhidi ya viuatilifu. Hizo 2 ni kwa ajili ya ini la samaki anayeishi na uchafu mdogo wa muda mrefu, ambalo huenda likanufaika iwapo vitamini C itakuwa bado hai unapomlisha. Mtengenezaji akiandika umbo la vitamini C, kiasi cha seleniamu kwa kilo, na akaufunga unga kwenye vijipakiti vya gramu 100 vinavyomalizika mara moja, alama ya kwanza itapanda bila ubishi. Mpaka hapo, ninanunua pakiti moja kabla ya msimu wa kuzalisha vifaranga, naigawa nusu na jirani ili isikae wazi, na kilichobaki kwenye bajeti kinanunua mbao za mlango wa maji.